Gari Haijatoka Mpaka Karatasi Itoke

Hii ni hotuba kuhusu karneti, kile kitabu cha dhamana cha kuingiza gari nchi ya watu kwa muda bila kuilipia ushuru, niliyoitoa kwenye mkutano wa watu wanaovusha magari na pikipiki mipaka ya nchi. Wengi hamkuweza kufika na mmekuwa mnaniuliza, basi nimeiandika kama nilivyoisema, picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliosimama huko nyuma maana viti vimeisha. Kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Nani hapa amekuja na kadi ya gari yake, mfukoni au kwenye mkoba? Nyoosha mkono. Sawa, wengi. Haya, sasa nani kati yenu amewahi kuinama chini ya gari yake, akaisoma namba ya chesisi kwa macho yake mwenyewe, akailinganisha na hiyo kadi herufi kwa herufi? Naona mikono mitatu. Mitatu, ukumbi mzima huu. Tutarudi hapo.

Tuanze na swali. Hivi mshawahi kujiuliza yule afisa wa forodha pale dirishani anaogopa nini? Hakuogopi wewe. Anaogopa gari yako ibaki. Kila nchi ina ushuru wake kwa gari inayoingia kukaa, na ziko nchi ambazo ukijumlisha ushuru na kodi zake unapata pesa inayozidi bei ya gari yenyewe. Sasa wewe mgeni unafika na gari ambayo haijalipiwa hata senti, unasema mimi napita tu, nitatoka nayo. Atakuaminije? Ukifika mjini ukaiuza, ukapanda ndege ukaenda zako, serikali yake imepoteza na aliyekugongea muhuri ni yeye.

Zamani magari yalipoanza kuvuka mipaka dawa ilikuwa moja tu, lipa. Unaweka pesa ya ushuru pale boda, unapewa risiti, ukitokea upande wa pili wa nchi unadai pesa yako. Safari ya nchi nne unafanya hivyo mara nne, na kila boda unasubiri mtu atafute kumbukumbu zako kwenye makabati. Hapo ndipo vilabu vya magari vikaingia kati. Kuna AIT, umoja wa vilabu vya utalii ulioanzishwa Luxembourg mwaka 1898, na kuna FIA, shirikisho la vilabu vya magari lililoanzishwa Paris mwaka 1904, na kupitia vilabu vyao ukajengwa mnyororo wa kudhaminiana: klabu ya kwako inakudhamini, klabu ya kule unakokwenda inaibeba ile dhamana mbele ya forodha yake, gari isipotoka forodha inaidai klabu, na klabu inakugeukia wewe. Karatasi ya mnyororo huo ndio karneti, kwa jina lake la Kifaransa Carnet de Passages en Douane. Sheria yake kubwa ni mkataba wa New York wa mwaka 1954 kwa magari ya watu binafsi, mwingine ukafuata Geneva mwaka 1956 kwa magari ya biashara, na wa Istanbul wa mwaka 1990 ukaja kukusanya mambo ya kuingiza vitu kwa muda mahali pamoja.

Mnaona hiyo maana yake? Maana yake siku unapokabidhiwa kile kitabu umekabidhiwa deni. Muhuri wa kuingia ni kukopa. Muhuri wa kutoka ni kulipa. Narudia kwa wa nyuma: muhuri wa kuingia ni kukopa, muhuri wa kutoka ni kulipa. Na watu wote, sijui kwa nini, wanaushangilia ule wa kuingia, wanaupiga picha, wanaurusha kwenye magrupu, ule wa kutoka wanaupita mbio kwa sababu wameshaanza kuiwaza nchi ya mbele.

Niwape kisa. Kuna mume na mke niliwahi kuwasaidia, walikuwa wanatoka nchi fulani usiku, mvua inanyesha, foleni ya malori haina mwisho, watoto wamelala kiti cha nyuma. Wakaingia uhamiaji, pasi zikagongwa, wakatoka, askari wa geti akamulika pasi akaona ziko sawa akainua chuma, wakapita. Ofisi ya forodha ilikuwa jengo la pili, limejificha nyuma ya malori, taa moja tu inawaka. Hawakuliona, na hakuna aliyewaambia. Upande wa pili wakagongewa kuingia kama kawaida, safari ikaendelea, wakarudi kwao salama, wakaiweka karneti kwenye droo. Miezi ikapita, klabu ikawaandikia barua: nchi fulani inasema gari yenu bado iko kwao, leteni ushahidi kwamba ilitoka au lipeni ushuru wote. Yule mama alinipigia simu sauti inatetemeka. Gari anayoambiwa imebaki nchi za watu alikuwa anaiona dirishani wakati tunaongea, mwanawe anaiosha.

Walipona, nitawaambia walivyopona. Karneti ina cheti cha kuthibitisha gari iko wapi. Unaipeleka gari kwa mwenye mamlaka, inaweza kuwa forodha ya nchi yako, polisi au ubalozi, anaiangalia gari kwa macho yake, anasoma chesisi, anaandika kwamba leo tarehe fulani gari hii nimeiona hapa, anasaini na kugonga. Wao walipata hicho cheti, wakaongeza ule muhuri wa kuingia nchi ya pili wa usiku uleule, maana gari haiwezi kuingia huku kama haijatoka kule. Klabu ikapeleka, na ikachukua muda mrefu wa kukosa usingizi. Mkataba wa 1954 unaipa forodha mwaka 1 tangu karneti iishe muda wake kuiarifu klabu kwamba gari haijaonekana kutoka, na klabu nayo ina mwaka 1 tangu kuarifiwa kuleta ushahidi. Pigeni hesabu wenyewe. Unaweza kuwa umeshasahau hata hoteli uliyolala, na deni ndio kwanza linaamka. Kwa hiyo pigeni picha kila ukurasa kabla hamjakirudisha kitabu klabu, na risiti za mafuta, bima na feri za safari ile msizitupe haraka.

Na mkishagongewa pasi, simameni. Ulizeni kwa sauti, forodha iko wapi? Msiulize nimalize nini, ulizeni forodha iko wapi. Pasi ni ya mtu, karneti ni ya gari. Hapo mpakani mmefika wasafiri wawili, wewe na gari yako, na kila mmoja lazima aage kivyake.

Sasa hebu tukiangalie kitabu chenyewe, maana nimegundua wengi wanakibeba bila kujua kinavyosomeka. Kila ukurasa una vipande vitatu, kimoja juu ya kingine, vimetenganishwa ili vichanike. Cha chini ni cha kuingilia, afisa wa boda unayoingilia anakijaza, anagonga, anakichana, anabaki nacho. Cha kati ni cha kutokea, huyo wa boda unayotokea anafanya vilevile. Cha juu hakichanwi. Cha juu kinabaki kitabuni, na hicho ndugu zangu ndicho chako, kina nafasi ya muhuri wa kuingia na nafasi ya muhuri wa kutoka. Kipande cha juu chenye mihuri miwili kimetulia. Kipande cha juu chenye muhuri mmoja kinakudai. Ukurasa mmoja ni wa kuingia na kutoka mara moja, ukiirudia nchi ileile unatumia ukurasa mwingine, na vitabu vyenyewe viko vya kurasa 5, 10 na 25, kwa hiyo ukipanga safari ya kwenda na kurudi njia ileile hesabu kurasa mapema.

Halafu kuna boda ambazo kitabu hiki kinaonekana mara chache sana. Nimewahi kumwona afisa kijana, mpole, ameshika karneti kwa mara ya kwanza, akachana kipande cha chini na cha kati kwa mpigo mmoja, krrr, wakati gari ndio kwanza inaingia. Mwenye gari akaona aibu kusema, akashukuru, akaondoka. Akaja kutaabika kule alikotokea maana kipande cha kutokea hakipo. Jamani, ukiona imechanika vibaya, hapohapo, kwa adabu, mwambie bosi nadhani hiki kinatakiwa kibaki mpaka nitoke. Mwombe aite mkubwa wake, waandike maelezo pembeni, wagonge, wasaini. Usimkaripie, na usiondoke. Yeye hana kosa la makusudi na wewe huna haraka inayozidi hilo. Mimi huwa nasimama dirishani nikifuata kalamu yake kwa macho: tarehe, jina la boda, saini, muhuri, upande sahihi. Muhuri ukiwa hausomeki naomba aurudie wino ukiwa bado uko kidawatini.

Haya, turudi kwenye ile mikono mitatu.

Mimi mwenyewe nilishawahi kukwama boda siku mbili kwa sababu ya herufi moja. Nilikuwa na kila kitu, karneti, kadi, leseni, bima, nimejipanga. Afisa alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Akaniambia mwanangu nionyeshe chesisi. Nikampeleka kwenye gurudumu la mbele kulia, kumejaa tope la siku nne. Hakuniambia nisafishe. Alichukua kitambaa, akakichovya dizeli kwenye kopo, akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kuifuta ile fremu taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso, mpaka namba zikaanza kutokeza moja moja. Akawasha tochi akailaza ubavuni, sio usoni, namba za kugonga kwenye chuma zinasomeka kwa kivuli chake. Akawa anasoma kwa sauti na mimi nafuatisha kwenye karneti kwa kidole. Tukaenda vizuri mpaka akasema tano. Kidole changu kilikuwa juu ya S.

Akarudia. Tano. Akaniita nikaangalia, na ilikuwa tano, jamani, haina ubishi. Kadi ya gari ilikuwa imeandikwa S tangu siku gari inasajiliwa, mtu wa ofisini alikosea kunakili, mimi nikachukua kadi nikaipeleka klabu, klabu wakanakili kadi, na kosa likazaa kosa. Miaka yote ile nimeendesha gari ambayo kwenye karatasi ni gari nyingine. Yule mama hakunifokea. Aliniambia tu, mwanangu, hii ninayoiona mimi sio hii iliyodhaminiwa. Na alikuwa sahihi kabisa. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema vilevile.

Je, ningeweza kuchukua kalamu nikaigeuza ile S iwe 5? Hapana, na nisisikie mtu hapa anafanya hivyo! Mkataba wenyewe unakataza kubadilisha chochote kwenye karneti ikishatolewa bila idhini ya klabu iliyoitoa. Ukigusa kwa kalamu yako kosa la ofisi linageuka kosa la kughushi. Ilibidi klabu waandike barua ya masahihisho, wagonge, waitume, na nchi ile ikubali. Siku mbili. Niliponea kwa sababu ilikuwa siku za kazi, ingekuwa Ijumaa jioni ningekaa zaidi.

Kuna kitu kidogo ambacho natamani ningekijua mapema. Magari mengi ya sasa yana namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, na kwenye hizo 17 herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ziliondolewa makusudi ili zisichanganywe na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona duara hapo, hilo ni sifuri, usibishane nalo, na ukiona kwenye kadi yako pameandikwa O, ujue kadi ina makosa. Ila S na 5, B na 8, Z na 2, hizo zote zipo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Magari ya zamani namba zao ni fupi na zina utaratibu wao, hayo soma hivyohivyo yalivyo.

Injini nayo ni hivyohivyo. Namba ya injini imo kwenye karneti. Injini ikifa katikati ya safari ukafunga nyingine, hongera kwa kupona, lakini kabla hujaifikia boda inayofuata waarifu klabu, tunza risiti ya fundi, tunza picha ya namba ya zamani na ya mpya. Na vile vifaa vinavyoandikwa pale, redio, tairi za akiba, sijui hema la juu, andika ulivyonavyo kweli, maana navyo unatakiwa kutoka navyo.

Kuhusu pesa ya dhamana sitakaa sana, kila klabu ina masharti yake, wengine wanataka pesa taslimu, wengine dhamana ya benki, wengine wana bima maalumu. Ninachotaka mkijue ni kwamba hesabu inaangalia thamani ya gari na nchi ulizoandika kwamba utapita. Nchi yenye ushuru mkubwa kuliko zote kwenye orodha yako ndiyo inayoipandisha dhamana. Kwa hiyo usiandike nchi kwa tamaa, eti huenda nikapita. Na usishushe thamani ya gari ili ulipe kidogo, kwa sababu siku ya kudaiwa forodha ya kule inakadiria yenyewe, na fomu uliyosaini klabu inasema utalipa chochote kitakachodaiwa. Ile dhamana ni pa kuanzia tu.

Sasa muda. Nani anaweza kuniambia karneti inadumu muda gani? Mwaka 1, vizuri sana. Sasa nani anaweza kuniambia gari inaruhusiwa kukaa ndani ya nchi muda gani kwa hiyo karneti? Kimya. Hapo ndipo penyewe! Uhai wa karneti na siku za gari ndani ya nchi ni vitu viwili tofauti. Karneti yako inaweza kuwa na miezi 9 mbele na afisa akakuandikia siku 30 tu. Soma alichoandika. Kuna jamaa wa pikipiki, alipapenda mahali, akaenda uhamiaji akaongezewa siku zake kwenye pasi, akarudi kustarehe. Pikipiki hakuiongezea. Alipofika boda yeye alikuwa halali na pikipiki haramu, wakaizuia, akalipa faini akiwa hajui kosa lake ni lipi. Pasi ni ya mtu, karneti ni ya gari, nilishasema.

Na ikiwa karneti yenyewe inakaribia kwisha uko njiani, omba nyongeza klabu kabla haijaisha. Kabla. Nyongeza inataka pia kukubaliwa na forodha ya nchi uliyomo, na karatasi iliyokufa ni ngumu mno kufufua.

Nikifika hapa huwa naulizwa, je gari ikifa? Yaani ikiungua, ikipinduka, ikawa chuma chakavu, deni si linakufa nayo? Ndugu zangu, hapana. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu linampata mtu siku ambayo tayari ameumia.

Rafiki yangu mmoja gari yake ilipinduka kwenye kona ya mlimani. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, gari ikabaki kama kopo lililokanyagwa. Ikavutwa mpaka gereji. Fundi, mtu mwema, akamwambia nenda katibiwe kwenu, niachie hii, nitakupa pesa kidogo ya injini na gia boksi zitakusaidia tiketi. Rafiki yangu akaona ni msaada wa Mungu. Bahati yake alinipigia kabla hajapanda ndege kuniuliza kitu kingine kabisa, hata sio hilo. Nikamwuliza karneti iko wapi. Akasema imo kwenye gari, mle kwenye kisanduku cha mbele. Nikamwambia usipande hiyo ndege.

Angepanda ingekuwaje? Kwenye macho ya forodha angekuwa ameingiza gari bila ushuru, ameiuza vipande vipande, na ameondoka. Kile ambacho wanakiogopa tangu mwanzo! Hakuna ambaye angemsikiliza habari za kona na mkono. Mkataba umeweka njia kwa gari iliyoharibika vibaya kwenye ajali iliyothibitishwa: unaweza kuilipia ushuru kwa hali iliyonayo, au unaikabidhi bure kwa serikali ya nchi ile wakiikubali, au inateketezwa mbele ya afisa kwa gharama zako. Au unaivuta hivyohivyo mbovu mpaka ng'ambo ya mpaka, nayo ni njia, gari haidaiwi kutembea, inadaiwa kutoka.

Yeye aliishia kwenye kuteketeza. Tulianza na ripoti ya polisi ya ajali, halafu barua kwa forodha, halafu klabu wakaarifiwa, siku zikaenda. Siku yenyewe afisa alikuja gerejini na daftari, akasoma kwanza ile namba ya chesisi, akaiandika, ndipo fundi akawasha gesi ya kukatia. Rafiki yangu aliniambia alisimama pale na mkono kwenye bendeji akiangalia gari aliyoizungusha nusu ya dunia inakatwa vipande, na alilia, lakini afisa alipomaliza alifungua karneti akaandika maelezo kwenye ule ukurasa, akagonga, akampa mkono ule mzima. Akapanda ndege hana deni.

Na ikiibiwa? Polisi, forodha, klabu, siku hiyohiyo, na upate karatasi kwa kila mmoja. Kuibiwa peke yake hakufuti deni, lakini ukinyamaza ndio umejimaliza.

Sasa kuna walioko hapa wanasema kimoyomoyo mimi haya hayanihusu, nakokwenda hawataki karneti. Kweli, ziko nchi nyingi hazitaki. India, Pakistan, Iran, Misri, huko ukienda na gari yako jiandae na karneti. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini wanakupa kibali chao cha muda palepale boda. Umoja wa Ulaya mtu asiyeishi huko anaingia na gari yake binafsi kwa miezi 6. Mexico kibali kina siku 180 na unaweka amana ya dola za Marekani kati ya 200 na 400 kutegemea mwaka wa gari, isipokuwa maeneo kama Baja California ambako hakihitajiki. Kanuni hubadilika, ulizeni kabla ya kuondoka. Ila nisikilizeni, kibali cha muda nacho ni deni! Ni jepesi, halina klabu, halina kitabu, ni karatasi moja, lakini kinatakiwa kufutwa unapotoka. Pale Mexico usipokifuta amana hairudi. Na kwingineko nimeona mtu anarudi nchi ileile miaka miwili baadaye na gari mpya kabisa, kompyuta ikasema wewe tayari una gari ndani. Alikuwa ametoka na ile ya zamani kwa boda ndogo ambayo dawati la forodha lilikuwa limefungwa mchana ule, akaona asisubiri. Angesubiri masaa mawili tu.

Mambo mawili ya harakaharaka. Kama gari sio yako, ni ya kampuni, ya mzazi, ya mkopo wa benki, beba barua ya mwenyewe ya kukuruhusu kuiendesha na kuivusha, iliyothibitishwa kisheria, na kama wewe umeshika karneti na mwenzako ndiye anaendesha, naye awe na idhini yako kwa maandishi. Kuikodisha au kuiuza huko ndani, usithubutu. La pili, karneti haimlipi mtu uliyemgonga. Bima ni karatasi nyingine, ule mfumo wa Kadi ya Kijani wa Ulaya ulianza mwaka 1953 na sehemu nyingine zina mifumo yao, kwa hiyo usimwonyeshe askari wa barabarani karneti ukadhani umemaliza.

Na vishoka. Wapo kila boda, ametokea tu, anajua lugha, anasema nipe kitabu nikugongee chapuchapu. Mimi sisemi wote ni wabaya, wengine ni mawakala halali wenye vitambulisho na wanajua kazi kuliko sisi. Ila kitabu kisitoke machoni pako. Ukimpa wakala, mfuate mpaka dirishani, simama naye. Mwenzetu mmoja alirudishiwa karneti ina muhuri mzuri wa kutoka, wa nchi sahihi, tarehe sahihi, na haukuwa muhuri wa forodha. Ulikuwa wa ofisi nyingine kabisa pale pale boda. Bandarini ndio muwe macho zaidi, hakikisheni muhuri wa kutoka umegongwa na mmeuona kabla kontena halijafungwa lakiri, kwa sababu meli ikishaondoka unamwonyesha nani gari?

Haya, nimeongea vya kutosha na maswali nayajua ni mengi. Lakini kabla ya maswali tunatoka nje. Wote. Tochi ninazo mbili hapa, vitambaa vipo, na dizeli kidogo nimeomba ipo kwenye kopo pale mlangoni. Shikeni kadi zenu na karneti kwa wenye nazo, kila mtu atafute mwenzake ambaye sio wa gari yake, mmoja asome chuma kwa sauti, mwingine afuatishe karatasi kwa kidole. Tunaanza na gari zilizo karibu na geti. Akisema tano na kidole kiko kwenye S, niite.